Ulaini, uthabiti na lami ya Dubai: kiatu cha kukimbilia huchaguliwaje?

Kila Novemba, alfajiri moja, Barabara ya Sheikh Zayed hufungiwa magari na kuachiwa miguu. Dubai Run ilianza mwaka 2019 ndani ya Dubai Fitness Challenge, kampeni ya mazoezi ya dakika 30 kwa siku 30 iliyozinduliwa mwaka 2017, na mwaka 2024 waandaaji walitangaza washiriki 278,000. Wanaokimbia kwa kulipwa huwezi kuwaona katika umati huo. Waliopo ni makarani, walinzi, wauguzi, madereva, akina mama na watoto wao, na kila mmoja amevaa alichoshauriwa, alichouziwa au alichokuwa nacho. Ukiinamisha macho utaona soli za urefu wa vidole vitatu, raba za sahani ya kaboni miguuni mwa mtu anayetembea, na viatu vyeusi vya kazi ambavyo mwenyewe ametoka navyo zamu ya usiku.

Aliyepitia duka kubwa la michezo kabla ya siku hiyo huenda alipimwa. Mteja hukanyaga kioo, au hukimbia dakika moja kwenye mashine huku kamera ikimtazama visigino kwa nyuma. Skrini hutoa rangi nyekundu na njano, kisha mwuzaji hutamka: mguu wako unalalia ndani, wewe ni wa kiatu cha uthabiti. Mwingine huambiwa mguu wake hauna neno, achukue cha kawaida. Wa tatu, mwenye mwili, huambiwa uzito wake unataka soli laini kuliko zote. Maneno hayo husemwa kwa nia njema na kwa kujiamini, ila ushahidi unaoyabeba ni mwembamba mno.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ulaini na uthabiti havipatikani kila kimoja kivyake, mtu akajiongezea cha huku na cha kule. Ukinunua kimoja kwa wingi, mara nyingi umelipa kwa kingine. Na kinachoamua kiasi gani ununue ni uwanja unaoukanyaga, saa unayokimbia, na yale ambayo miguu yako imezoea miezi iliyopita, kuliko umbo la unyayo lililopigwa picha dukani.

Tuanze na soli yenyewe. Chini ya kiatu cha kukimbilia kuna tabaka tatu: mpira mgumu unaogusa barabara, povu katikati, na kitambaa chenye sponji unachokanyaga kwa ndani. Karibu sifa zote zinazotangazwa hukaa kwenye lile povu la katikati. Tangu miaka ya 1970 lilikuwa EVA, plastiki iliyojaa vipovu vya gesi, nyepesi na ya bei ya chini. Mwaka 2009 Wafaransa wawili, Nicolas Mermoud na Jean-Luc Diard, walianzisha Hoka na kulifanya povu kuwa nene kupita kiasi kilichozoeleka, wakiwa na nia ya kuteremka milima kwa kasi. Watu waliwacheka. Mwaka 2013 Adidas wakaleta Boost, na mwaka 2017 Nike wakaingiza sokoni Vaporfly, yenye povu la jamii iitwayo PEBA linalorudisha sehemu kubwa zaidi ya nguvu linayobanwa nayo. Leo kiatu cha kawaida cha mazoezi kina povu nene kuliko kiatu cha juzi kilichoitwa kinene, na Shirikisho la Riadha la Dunia limelazimika kuweka kikomo: tangu mwaka 2020 soli ya mashindano ya barabarani isizidi milimita 40.

Sasa povu hilo hufanya nini? Mguu unapotua wakati wa kukimbia, ardhi huusukuma mwili kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mtu. Mnunuzi hudhani povu nene litameza nguvu hiyo. Mwili haukubali kirahisi hivyo. Majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba mkimbiaji akihamia juu ya uso laini hukaza mguu, na akihamia pagumu huulegeza, ili kiwiliwili kiendelee kupanda na kushuka kwa kipimo kilekile. Mwaka 2018 watafiti wa Finland walilinganisha kiatu cha soli nene sana na kiatu cha kawaida, wakakuta kishindo cha kutua kilikuwa kikubwa zaidi ndani ya kile kinene, hasa kasi ilipopanda, kwa kuwa mguu ulikuwa umekazwa. Sponji ilipungua kazi kwa sababu mwenye mguu aliiamini.

Je, basi ulaini ni hadaa? Hapana, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Kundi la watafiti wa Luxembourg linaloongozwa na Laurent Malisoux liliwagawia wakimbiaji 848 viatu viwili vinavyofanana kwa sura, kimoja kigumu na kingine laini, bila wenyewe kujua wamepewa kipi. Baada ya miezi sita, waliovaa vigumu walikuwa na hatari ya kuumia iliyozidi kwa karibu nusu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Lakini walipowatenganisha kwa uzito, faida ya ulaini ilionekana wazi kwa watu wepesi, na kwa wazito haikuonekana. Yaani yule mwenye mwili anayeelekezwa kwenye rafu ya viatu laini kuliko vyote ndiye ambaye faida hiyo haikuthibitika kwake. Sababu moja inayowezekana ni ya kifundi: povu laini chini ya mtu mzito hubanwa hadi mwisho, na likishafika mwisho halina tena ulaini wa kutoa. Mtu mzito anahitaji povu lisilokandamizika ovyo, na hilo ni jambo tofauti na povu laini.

Kuna gharama nyingine ya urefu, nayo ndiyo inayotupeleka kwenye uthabiti. Kisigino kikiinuliwa milimita 38 juu ya lami kwa kitu kinachobonyea, kifundo cha mguu kinapata kazi mpya ya kuzuia kuyumba kwenye kila hatua. Watengenezaji wanajua, ndiyo maana viatu vinene vya sasa vina soli pana kuliko mguu wenyewe na kingo zinazopanda kuushika ubavu wa kisigino. Pima dukani kwa njia ya bure: vaa, simama kwa mguu mmoja, hesabu hadi ishirini, kisha fanya hivyo ukiwa umevaa kiatu cha chini zaidi. Tofauti utaisikia kwenye kifundo kabla ya kufika kumi. Kwa kijana aliyezoea kukimbia si kitu. Kwa mtu wa miaka 55 aliyewahi kuteguka kifundo, ndilo jambo la kwanza la kuangalia.

Habari ya mguu unaolalia ndani ina historia yake. Wimbi la kukimbia lilipoikumba Marekani miaka ya 1970, madaktari wa miguu walianza kuona magoti na miundi ya watu wazima waliokuwa hawajakimbia tangu shule. Wakatafuta sababu, na wakaiona mbele ya macho: mguu ukitua, kisigino huinama kidogo kuelekea ndani na upinde wa unyayo hushuka. Kwa wengine huinama sana. Ikaonekana ni mantiki kwamba kuzidi kuinama ndiko kunakoumiza, na kwamba kipande cha povu gumu kikiwekwa upande wa ndani wa soli kitarekebisha. Hapo zikazaliwa rafu tatu ambazo maduka yamezitumia kwa zaidi ya miaka 30: viatu vya kawaida, vya uthabiti, na vya kudhibiti mguu. Asics Gel-Kayano ilitoka mwaka 1993, Brooks Adrenaline GTS mwaka 1999, na zote mbili zimetembea dunia nzima juu ya wazo hilo.

Kasoro ilikuwa moja tu: kwa muda mrefu hakuna aliyelijaribu wazo lenyewe ipasavyo. Waliokuja kulijaribu kwa wingi ni majeshi ya Marekani, ambayo yana vijana wengi, yanawakimbiza wote kwa ratiba moja na yana kumbukumbu za kila anayeumia. Joseph Knapik na wenzake waliwagawia askari wapya viatu kulingana na upinde wa unyayo, na kundi la pili wakawapa wote kiatu cha aina moja bila kujali unyayo. Wakafanya hivyo katika jeshi la nchi kavu, jeshi la anga na kikosi cha wanamaji. Kiwango cha kuumia hakikutofautiana kwa maana yoyote.

Mwaka 2011 Michael Ryan na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 81 waliojiandaa kwa nusu marathoni kwa wiki 13. Waliovaa viatu vya kudhibiti mguu ndio waliokosa siku nyingi zaidi za mazoezi, 79, dhidi ya 51 za waliovaa vya uthabiti wa kadiri, na maumivu yao yalizidi hata kwa wenye miguu inayolalia ndani. Mwaka 2014 Wadenmark waliwafuatilia watu 927 wanaoanza kukimbia, wote wakiwa wamevaa kiatu kilekile kisicho na kidhibiti. Waliolalia ndani hawakuumia zaidi ya wengine. Kwa hesabu ya kila kilomita 1,000 waliumia mara chache kuliko wenye miguu iliyonyooka.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kesi imefungwa. Ningeifunga mimi pia, kama si kundi lilelile la Luxembourg, ambalo mwaka 2016 lilitoa jaribio la wakimbiaji 372 kwa miezi sita. Waliopewa kiatu chenye kidhibiti waliumia mara chache kuliko waliopewa cha kawaida, na faida hiyo ilijikusanya kwa wale ambao miguu yao kweli ililalia ndani. Kwa hiyo kuna kitu. Mwaka 2022 wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio 12 yenye washiriki 11,240, wakasema uhakika wa ushahidi wote huo ni mdogo au mdogo sana. Mimi nausoma hivi: mguu unaolalia ndani peke yake, bila maumivu, si ugonjwa na hauhitaji kiatu cha kuutibu. Mtu ambaye amekwisha kuumia mara kwa mara upande wa ndani wa muundi au kano ya ndani ya kifundo ana sababu ya kujaribu kiatu cha uthabiti wa kadiri. Vile vigumu sana vya kudhibiti waachiwe wanaoelekezwa na daktari.

Viwanda navyo vimeanza kurudi nyuma bila kutangaza. Brooks waliondoa kipande kigumu cha ndani mwaka 2018, wakaweka kingo mbili zinazomshika mtu pale tu anapozidisha. Asics wakafanya kama hivyo kwenye Kayano ya 30 mwaka 2023. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, aliyetumia maisha yake ya kazi kupima miguu, aliandika mwaka 2015 kwamba kila mwili una njia yake ya kusogea unayoipendelea, na kiatu kinachouachia njia hiyo huonekana kwa dalili moja rahisi: mtu husikia raha ndani yake. Wapo wanaoliona hili kuwa la kitoto baada ya kamera na vioo vyote vile. Kwangu ndilo jibu la kiutu uzima, maana linamrudishia mnunuzi madaraka aliyokuwa ameyakabidhi kwa skrini.

Lakini raha inategemea mahali. Raha ya dukani, kwenye zulia na nyuzi 22 za kiyoyozi, si raha ya mitaa ya Deira mwezi Agosti.

Joto huligusa povu moja kwa moja. EVA hulegea likipata joto na hukakamaa kwenye baridi. Povu la PEBA hubadilika kidogo zaidi. Lami ya Dubai wakati wa kiangazi hushika joto kiasi kwamba hata saa mbili usiku bado inalitoa, na kiatu kilichokuwa imara dukani huanza kubonyea kilomita ya nne. Anayeacha raba kwenye buti la gari mchana kutwa anazidisha: gari lililofungwa juani hupita nyuzi 60, na kwenye joto hilo povu lililobanwa hushindwa kurudi umbo lake, gundi ikaanza kuachia kwenye ncha. Kwa hiyo kwa anayekimbia miezi ya Mei hadi Septemba ushauri wangu ni kuchagua povu gumu hatua moja kuliko lile linalompendeza dukani. Ulaini utakuja wenyewe.

Mguu nao huvimba. Mtu aliyepimwa saa nne asubuhi akanunua saizi inayokaa sawasawa, usiku wa unyevunyevu atakuwa na kucha nyeusi. Nenda dukani jioni baada ya kazi, uvae soksi utakazokimbia nazo, uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Upana una uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu raba nyingi huja kwa upana mmoja tu madukani, na miguu mingi iliyokulia kwenye ndala au bila viatu ni mipana mbele. Mtu wa mguu mpana anayechukua saizi ndefu ili apate upana anajikuta kisigino kinapwaya, na kisigino kinachopwaya huharibu uthabiti kuliko povu lolote. Yapo matoleo mapana. Yaulizwe kwa jina la upana, maana hayawekwi mbele.

Kisha kuna uwanja. Dubai ni tambarare kabisa, na watu huona hilo kama zawadi. Ndiyo, kwa muda. Haile Gebrselassie alikimbia hapo marathoni kwa saa 2:04:53 mwaka 2008 akiwa na soli nyembamba za enzi zile, na Getaneh Molla akafika 2:03:34 mwaka 2019. Jirani yake Ras Al Khaimah ndiko Samuel Wanjiru alikoweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni ya dakika 58:53, Februari 2007, miaka kumi kabla ya Vaporfly. Lakini kwa mtu wa kawaida, tambarare maana yake ni hatua moja iliyorudiwa maelfu ya mara, misuli ileile, pembe ileile. Mkimbiaji wa Iten au wa Arusha hupanda, hushuka, hukanyaga vumbi, jiwe na majani. Mguu hupumzishwa kwa kubadilishiwa kazi. Wa Dubai hana anuwai hiyo, isipokuwa aitafute mwenyewe.

Na inatafutika. Njia ya mpira ya ufukwe wa Jumeirah, inayopita Kite Beach, ni laini yenyewe. Ukiikimbilia kwa kiatu laini sana umeweka godoro juu ya godoro, na kifundo ndicho kinacholipa. Hapo kiatu cha chini na kigumu kidogo hukaa vizuri zaidi. Bustani ya Al Barsha Pond ina mzunguko wa mpira ambao wengi huuzunguka upande mmoja tu, na mguu wa ndani ya kona hubeba zaidi. Geuza upande katikati ya zoezi. Kwenye lami safi ndipo povu la kutosha lina maana. Kando ya mkondo wa Dubai Creek na mitaa ya Deira utakanyaga vigae vya zege, kingo za barabara na vifuniko vya mifereji, na usiku huvioni vyema: soli pana ya chini hushinda soli ndefu, kwa sababu hatari kubwa hapo ni kuteguka. Msitu wa Mushrif una njia za mchanga na changarawe ambazo raba ya barabarani huzikanyaga bila shida kama mvua haijanyesha, na huko Dubai hilo si sharti gumu.

Miezi ya joto wengi huhamia ndani. Agosti 2025 serikali ya mji ilianzisha Dubai Mallathon, ikifungua maduka makubwa kama Dubai Mall, Mall of the Emirates na City Centre Deira kwa watembeaji na wakimbiaji kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi. Marumaru iliyopigwa deki ni uso wa ajabu: mgumu kuliko lami na unateleza. Hapo cha kuangalia ni mpira wa chini. Raba nyingi nyepesi za kisasa zimeacha sehemu kubwa ya povu wazi bila mpira ili kupunguza gramu, na povu tupu kwenye marumaru yenye unyevu halishiki.

Neno kidogo kuhusu sahani za kaboni, kwa kuwa ndizo zinazoliza mifuko. Vaporfly ya kwanza iliuzwa dola 250, takriban dirham 918, na Adidas walipotoa Adios Pro Evo 1, kile cha gramu 138 alichovaa Tigst Assefa alipokimbia 2:11:53 Berlin mwaka 2023, bei ilikuwa dola 500. Vinafanya kazi. Ila havifanyi kazi sawa kwa kila mtu: mwaka 2023 watafiti waliwapima wakimbiaji saba wa Kenya wa kiwango cha dunia, wakakuta viatu vya aina hiyo vilimpa mmoja nafuu ya asilimia 11.4 na kumgharimu mwingine asilimia 11.3, vikilinganishwa na kiatu cha soli nyembamba. Mwaka huohuo madaktari walichapisha visa vitano vya mifupa ya mguu kupata ufa kwa wakimbiaji waliokuwa wakitumia viatu vya kaboni. Visa vitano havithibitishi kitu, lakini vinatosha kumfanya mtu asivitumie kila siku. Vina povu refu na laini sana, kwa hiyo vina uthabiti mdogo. Mtu wa kilomita tano kwa nusu saa anavinunulia picha, na picha si dhambi, bali ajue anachonunua.

Dubai pia ni ghala. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepita Dragon Mart na vichochoro vya Deira akijaza mzigo wa raba ana maswali yake tofauti. Nakala za chapa maarufu zimekuwa zikikamatwa katika masoko ya Karama kwa miaka mingi, na haziishi. Sura ya nakala siku hizi ni safi kabisa. Kinachoisaliti ni povu. Bonyeza soli kwa kidole gumba upande wa kisigino: povu zuri huingia na kurudi haraka, la nakala ama halibonyei kabisa ama huacha shimo. Kunja kiatu: kinapaswa kukunjika kwenye mstari wa vidole, na kikikunjika katikati kama kitabu hakina kiunzi. Kiweke wima juu ya meza ya kioo na ukitazame kwa nyuma. Kikiinama upande kikiwa kipya, kimekwisha kumchagulia mteja mguu wa kulalia.

La pili ni umri. Soli za poliyurethani, zinazotumika zaidi kwenye buti za kazi na kwenye baadhi ya raba za zamani, huliwa polepole na unyevu wa hewa hata zikiwa ndani ya boksi. Kiatu huonekana kipya, kikavaliwa siku mbili, soli ikameguka vipande. Joto na unyevu wa pwani, wa Ghuba na wa Dar es Salaam, huharakisha jambo hilo. Anayenunua mzigo wa bei ya kutupa kwa sababu ni wa misimu kadhaa nyuma aulize soli ni ya nini. Mnunuzi wa mitumba Mombasa au Ilala hana wa kumuuliza, basi aikande kwa nguvu: ikitoa unga au nyufa ndogo, aiache.

Kuhusu kudumu, maduka husema kilomita 500 hadi 800. Ni kipimo cha jumla tu. Mtu wa kilo 95 kwenye lami ya Julai atakimaliza mapema, mtu wa kilo 55 kwenye mpira wa Kite Beach atakipitisha mbali. Mikunjo ya kudumu kwenye ubavu wa povu na maumivu madogo mapya ya muundi bila sababu ndizo dalili za kuzifuata.

Kuna jambo moja katika tafiti zote hizi ambalo limenikaa kuliko habari ya unyayo. Mwaka 2015 Malisoux na wenzake waliwafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, wakakuta waliobadilisha jozi zaidi ya moja walikuwa na hatari ya kuumia iliyopungua kwa asilimia 39. Inaelekea jozi tofauti hufanya kile ambacho vilima hufanya kule Iten: hugawa mzigo. Kwa mji tambarare hilo lina thamani ya pekee. Jozi mbili za dirham 300, moja nene kidogo na moja ya chini, hunishawishi kuliko jozi moja ya dirham 700, tena zinapata siku ya kukauka jasho. Ila asianze mtu kwa kuruka kutoka soli yenye tofauti ya milimita 10 kati ya kisigino na mbele hadi ile isiyo na tofauti. Kano ya kisigino na shavu la mguu hulipia haraka hiyo kwa wiki kadhaa. Enda, kampuni ya Kenya iliyoanza kwa michango ya wateja mwaka 2016, ilitengeneza kiatu chake cha kwanza, kiitwacho Iten, kwa tofauti ya milimita 4. Ni kiatu kizuri cha jozi ya pili kwa aliyezoea, na kibaya cha jozi ya kwanza kwa aliyetoka kwenye kiti cha ofisini.

Hesabu hii inabadilika kabisa kwa kundi moja kubwa la Waafrika Mashariki wa Dubai: walinzi, wahudumu wa hoteli na wapishi wanaosimama zamu hadi ya saa 12 kwenye marumaru. Mtu huyo akikimbia nusu saa jioni, miguu yake imekwisha kubeba siku nzima kabla ya hatua ya kwanza, na mara nyingi imebebeshwa na kiatu cheusi cha soli ngumu kilichotolewa na mwajiri. Akija kuumwa chini ya kisigino asubuhi anaposhuka kitandani, atakilaumu kiatu cha kukimbilia na kutafuta kilicho laini zaidi. Lakini dakika 30 haziwezi kushindana na saa 12. Mwenye dirham 400 za kutumia angefanya vyema azigawe hivi: 150 kwenye kiatu cheusi cha kazi chenye povu na nafasi ya vidole, kama sare inaruhusu, au kwenye soli nzuri ya ndani ya kile alichopewa, na 250 kwenye raba ya kawaida ya mwaka uliopita, isiyo na kaboni wala kidhibiti, katika maduka ya bei ya punguzo ambako toleo jipya likitoka la zamani hushuka. Na siku ambayo zamu imekuwa ndefu, aikimbie njia ya mpira badala ya vigae, au apumzike kabisa, kwa kuwa siku hiyo hakuna soli ya kumfidia.